Kabla Hujasema Ciao

Bibi mmoja muuza mikate alinifunza adabu ya Kiitaliano bila kunifokea. Nilikuwa na siku tatu tu Bologna, mji wa kaskazini mwa Italia wenye vibaraza virefu vya nguzo na paa, ambamo mvua inaweza kunyesha mchana kutwa nawe ukatembea usilowe. Saa moja na nusu asubuhi nikaingia kununua mkate. Ndani walikuwamo watu wanne wakingoja zamu. Kila aliyefungua mlango alitoa salamu kwa wote kwa pamoja, kama mpita njia anavyowasalimu waliokaa barazani. Zamu yangu ilipofika nikamwambia yule bibi, kwa furaha yangu yote, "Ciao!" Ndilo neno nililolibeba kutoka Malindi, ambako kila mtoto wa ufukweni analijua.

Bibi akanitazama, akafuta unga mikononi, akasema taratibu: "Buongiorno. Mi dica."

Yaani: habari ya asubuhi, niambie. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Siku chache baadaye ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimemsalimu mtu wa umri wa nyanya yangu kama ninayecheza naye mpira. Ni sawa na kijana wa Tanga kuingia dukani kwa mzee asiyemjua akamwambia, "Mambo!" Bibi hakukasirika. Alinijibu tu kwa salamu iliyofaa, nami nikapata nafasi ya kuisikia na kuishika.

Lakini lile neno la pili ndilo lililonishughulisha zaidi. "Mi dica" ni "niambie". Angekuwa anazungumza na mjukuu wake, angesema "dimmi", ambalo nalo ni "niambie". Kwa nini lugha moja iwe na "niambie" mbili? Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia, vijana wangu. Lakini tuanze na ciao, maana nayo ina mambo yake.

Hutamkwa "chao". Lilizaliwa Venezia, ule mji uliojengwa juu ya maji, ambako watu huenda sokoni kwa mashua. Zamani Venezia ilikuwa dola ya wafanyabiashara wenye merikebu nyingi, na miongoni mwa bidhaa zao walikuwamo binadamu. Wengi wa waliouzwa walikuwa Waslavi, watu wa ng'ambo ya Bahari ya Adriatiki na wa mbali zaidi mashariki. Waliuzwa kwa wingi hata jina la kabila lao, kwa Kilatini cha siku zile sclavus, likageuka kuwa neno la "mtumwa". Katika vinywa vya Wavenezia likawa s'ciavo.

Sasa mfikirie muungwana wa Venezia amekutana na muungwana mwenzake darajani. Anavua kofia, anainama kidogo, anasema: mimi ni mtumwa wako. S'ciavo vostro. Hakuwa mtumwa wa mtu. Alitaka kusema kwamba yuko tayari kumtumikia mwenzake kwa lolote. Watu wakalisema neno hilo asubuhi na jioni, na neno linalosemwa kila siku huchakaa kama sabuni. Vostro ikadondoka. Kisha ikadondoka v ya katikati, kisha s ya mwanzo, ikabaki ciao. Katika karne ya 19 na ya 20 ikaenea Italia nzima, halafu ikavuka mipaka. Salamu iliyoanza kwa kuinama ikawa ya kupunga mkono. Huko Austria na Hungaria nako marafiki husalimiana kwa neno servus, ambalo kwa Kilatini ni mtumwa vilevile, na hakuna anayewaza minyororo.

Nanyi mnaijua salamu nyingine ya namna hiyo. Shikamoo, kama wengi wenu mlivyoelezwa na wazee, ni "nashika miguu yako". Nayo ilianzia chini kabisa, miguuni. Ila yetu haikuhama ilipowekwa. Mpaka leo shikamoo humwendea mkubwa, na marahaba humrudia mdogo. Ukiyapasua maneno haya mawili, shikamoo na ciao, utakuta ndani yake kokwa zinazofanana. Moja likaangukia kwa marafiki, jingine likabaki kwa wazee. Kwa hiyo usije ukadhani ciao ndiyo shikamoo ya Waitaliano.

Basi shikamoo yao iko wapi? Imejificha ndani ya kitenzi.

Kiswahili kina kitenzi kisichojua umri wa mtu. "Unakwenda wapi" utamwambia mdogo wako, na "unakwenda wapi" utamwambia mwalimu mkuu. Heshima yetu tunaiweka pembeni mwa kitenzi: tunatanguliza shikamoo, tunasema mzee, mama, shangazi, tunasema naomba, tunasema samahani. Mwitaliano hana nafasi hiyo. Kabla hajamuuliza mtu anakwenda wapi, lazima achague moja kati ya wewe mbili, na akishafungua kinywa kitenzi kimeshamtangaza.

Wewe ya kwanza ni tu. Hii ni ya karibu: mama na baba, ndugu, rafiki, mtoto yeyote, paka wa nyumbani, na Mungu. Ndiyo, Mungu pia. Katika sala Waitaliano humwita tu, kama wamwitavyo mama yao. Wewe ya pili ni Lei. Hii ni ya mwalimu, daktari, askari, jirani usiyemzoea, mama mkwe wa rafiki yako, na kila mtu mzima usiyemfahamu.

Na hapa ndipo wanafunzi wengi hushangaa, kwa sababu lei ni neno la kawaida lenye maana ya "yeye", tena yeye wa kike. Ilikuwaje mzee mwenye ndevu akaambiwa "yeye" kama mwanamke, tena usoni pake?

Jibu mnalo wenyewe, hamjaliangalia tu. Umewahi kumsikia mhudumu wa hoteli akiuliza, "Mheshimiwa atakunywa nini?" Mheshimiwa ameketi mbele yake, wanatazamana, lakini mhudumu hasemi "utakunywa". Au binti akimwinamia babu yake na kuuliza, "Babu atakula sasa?" Anamsemea pembeni kidogo, kana kwamba kumlenga moja kwa moja ni kumgusa bila ruhusa. Waitaliano walifanya vivyo hivyo. Wakubwa wao waliwaita Vostra Signoria, yaani Ubwana wako, au Vostra Eccellenza, Utukufu wako. Majina ya Kiitaliano yamegawanywa katika ya kiume na ya kike, na haya mawili yako upande wa kike, hata kama anayeitwa ni jemadari mwenye upanga kiunoni. Kwetu neno kiti hulazimisha tuseme "kimevunjika". Kwao signoria ililazimisha "yeye" wa kike. Desturi hiyo ilipata nguvu katika karne ya 16, wakati ambapo Wahispania, watu wa vyeo vingi na itifaki nyingi, walitawala sehemu kubwa ya Italia. Baadaye lile jina refu likaachwa njiani, lei ikabaki peke yake ikifanya kazi yote. Katika barua za heshima wengi bado huiandika kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi, isije ikachanganywa na yeye wa kila siku.

Nitawaonyesha jambo moja kwa karibu, maana mimi lilinifurahisha sana. Samahani ya kumwambia rafiki ni scusa. Samahani ya kumwambia mtu usiyemjua, labda unamuuliza njia, ni scusi. Sikiliza, kwa rafiki, ni senti. Kwa usiyemjua ni senta. Tazameni mwisho wa maneno. Palipokuwa na a pameketi i, na palipokuwa na i pameketi a. Irabu mbili zimebadilishana viti, na kwa kubadilishana huko mtu amevuliwa kofia. Ukikosea irabu moja umemkosea mtu. Na msiogope kuzitamka, kwa kuwa irabu za Kiitaliano ziko karibu sana na zetu. Mtoto wa Kiswahili huzisoma vizuri kuliko wageni wengi wanaofika huko.

Sasa rudini nami kwa yule bibi wa mikate. Alikuwa na miaka kama 70, mimi nusu ya hiyo. Mbona yeye ndiye aliyenipa mimi "mi dica", niambie ya heshima? Nililifikiria sana swali hilo, maana nilikuwa nimeipima Lei kwa kipimo cha nyumbani. Shikamoo hupanda na marahaba hushuka. Lei huenda na kurudi kwa uzito uleule: mzee humpa kijana wa miaka 30 asiyemjua, na kijana humrudishia. Kinachopimwa ni umbali. Anayekwambia Lei anakwambia kwamba bado hamjazoeana na kwamba hataingia kwako bila kukaribishwa. Kwangu mimi hiyo ni heshima nzuri sana, kwa sababu hata mdogo na hata mgeni maskini anaipata.

Kwa watoto ni tofauti kidogo. Mtoto hupewa tu na kila mtu, naye akiwa mdogo sana humwambia tu kila mtu, na wakubwa humwelewa. Anaingia shule ya msingi akiwa na miaka 6, na hata mwalimu wake, maestra, mtoto humwambia tu. Akifika miaka 11 anaingia shule ya kati. Huko mwalimu anaitwa professore au professoressa, na mtoto anaanza kudaiwa Lei. Mwanzoni hujikwaa: anaanza sentensi kwa Lei, anaimalizia kwa tu, anarudia upya. Halafu siku moja, akikaribia utu uzima, anaingia kwenye duka ambalo hajawahi kuingia, na muuzaji anamwambia Lei. Hakuna keki wala ngoma. Lakini vijana wa Kiitaliano huikumbuka siku hiyo, kwa kuwa mtu asiye ndugu yao amewahesabu kuwa watu wazima.

Je, kutoka Lei mtu hufikaje kwenye tu? Waitaliano wana kauli maalumu ya tendo hilo, dare del tu, yaani kumpa mtu tu. Huwa ni jambo la kukubaliana. Mwenye umri mkubwa zaidi, au mwenye cheo kikubwa zaidi kazini, ndiye hufungua mlango kwa kusema "Diamoci del tu": tupeane tu. Mdogo husubiri. Na mlango huo ukishafunguliwa haufungwi tena. Kumrudishia Lei mtu mliyekwisha kupeana tu ni kumwambia kuwa urafiki umekufa.

Ilitokea wakati serikali ikaingilia jambo hili. Mwaka 1938 Italia ilikuwa chini ya dikteta Benito Mussolini na chama chake cha kifashisti. Januari mwaka huo mwandishi Bruno Cicognani alichapisha makala katika gazeti la Corriere della Sera akitaka Lei ifutwe, kwa hoja kwamba ni desturi ya kigeni na ya kinyonge. Chama kikalipokea wazo hilo na kulifanya amri. Watu waambiane tu, na kwa heshima waseme voi, yaani ninyi. Watumishi wa umma wakabanwa, shule zikabanwa, hata wachezaji wa filamu wakabadilishiwa maneno. Kulikuwa na jarida la wanawake lililoitwa Lei. Jina lake halikuwa na uhusiano wowote na heshima; lilimaanisha tu "yeye", mwanamke. Likalazimika kubadili jina mwaka huohuo, likawa Annabella. Waitaliano husimulia mpaka leo mzaha wa mchekeshaji Totò, kwamba kwa kuwa lei imepigwa marufuku, basi yule mwanasayansi mkuu Galileo Galilei sasa aitwe Galileo Galivoi.

Mussolini aliangushwa Julai 1943, na Lei ikarudi. Tangu hapo voi ilibaki na doa masikioni mwa watu wengi wa kaskazini, na mimi naionea huruma, kwa sababu voi yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwapo karne nyingi kabla ya chama kile. Mshairi Dante Alighieri, aliyefariki mwaka 1321, katika kitabu chake cha safari ya kuzimu na peponi anakutana na mwalimu wake wa zamani Brunetto Latini, na ingawa karibu wote aliokutana nao huko kuzimu huwaambia tu, mwalimu wake anamwita voi. Katika riwaya kubwa ya Alessandro Manzoni kuhusu wachumba wawili, Renzo na Lucia, wachumba hao wenyewe wanaitana voi. Na ukishuka leo kusini, Napoli na Calabria, utawasikia watu wakiwaambia wazee voi kama walivyofunzwa na bibi zao. Kumwita mtu mmoja "ninyi", kana kwamba amebeba watu wengi ndani yake, ni heshima ya kale, na wa kusini hawakungoja mtu awaamuru kuianza wala kuiacha.

Vyeo nitavigusa haraka. Mwanamume ni signore, ila mbele ya jina huwa signor. Mwanamke ni signora. Signorina, ya msichana, inapotea pole pole, kwa kuwa wanawake wengi hawataki salamu iwaulize kama wameolewa. Wakili huitwa avvocato na mhandisi ingegnere, kama sisi tunavyomwita mtu Mwalimu badala ya jina lake. Na dottore si lazima awe tabibu. Ni kila aliyehitimu shahada ya chuo kikuu. Bologna, ambako chuo kikuu huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088, utawakuta wengi.

Saa nazo zina salamu zake. Buongiorno ni ya asubuhi na mchana, buonasera ni ya jioni, lakini jioni ya Mwitaliano haina saa moja kwa nchi nzima: watu wa mkoa wa Toscana huianza mara tu baada ya chakula cha mchana. Buonanotte ni ya kuagana wakati wa kulala, usiingie nayo mahali. Ukishindwa kabisa kuchagua iko salve, neno la Kilatini la kumtakia mtu uzima, ambalo husimama katikati ya ciao na buongiorno. Kuaga ni arrivederci, mpaka tuonane tena, na kwa mtu wa Lei unayetaka kumpa heshima kamili, arrivederLa.

Msidhani salamu hizi ni nyepesi kwa sababu ni za kila siku. Usiku wa tarehe 13 Machi 2013 papa mpya alitoka kwenye roshani ya kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikano. Uwanja ulijaa watu, dunia nzima ikitazama, wakitarajia maneno makubwa ya Kilatini au ya sala. Papa Francis, mtoto wa Argentina mwenye asili ya Italia, alianza kwa kusema: ndugu zangu, "buonasera". Neno ambalo kila jirani humwambia jirani yake ngazini. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Na alipomaliza akawaaga kwa buonanotte, akawatakia pumziko jema.

Desturi moja ya mwisho nimeipenda kuliko zote, kwa sababu ilinifanya nijione nyumbani. Mwitaliano akikualika kwake, akakufungulia mlango, akasimama kando akikungoja, bado huingii kimyakimya. Ukiwa kizingitini unasema "Permesso?", naomba ruhusa, naye anajibu "Avanti" au "Prego". Mara ya kwanza kuisikia nilitabasamu peke yangu. Ilikuwa hodi, na aliyeijibu alisema karibu.

Waitaliano wamekuwa wakija pwani ya Malindi na Watamu kwa miaka mingi. Hapo Ngomeni, kaskazini kidogo ya Malindi, walijenga majukwaa baharini ya kurushia roketi, na mwaka 1967 satelaiti yao ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Ndiyo sababu watoto wa huko huimba ciao kabla hawajajua kuandika, na Waitaliano walio likizoni huitika kwa moyo mweupe, maana likizo hufupisha umbali. Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa sasa unajua zaidi ya hilo. Kesho akipita mzee wa Kiitaliano usiyemfahamu, simama vizuri, mtazame, mwambie buongiorno. Ciao mwachie yeye. Akikutaka uwe rafiki yake, atakupa mwenyewe.